Sikio Jipya na Nyimbo za Kutwanga

Kabla sijawa kiziwi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili. Naanza hapo kwa sababu watu wakisimulia habari zangu huanza na ugonjwa, na mimi sikuzaliwa siku ya ugonjwa. Katika kwaya ya kanisa letu la Wamethodisti, hapa Kamina, nilisimama mwisho wa mstari wa alto, karibu na dirisha. Wenzangu walipoanza kupotea, mwalimu wa kwaya aliwaambia wanisikilize mimi. Siku za kazi nilifundisha darasa la nne. Mume wangu alikuwa karani wa reli, mtu wa maneno machache na mashati yaliyopigwa pasi.

Ugonjwa ulikuja mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati hospitali zilikuwa na vitanda lakini hazina dawa. Ilikuwa homa ya uti wa mgongo. Niliingia wodini nikisikia mvua juu ya mabati, nikatoka nikiiona tu. Mume wangu alinunua kibao cha shule na chaki, akawa ananiandikia: chakula kiko tayari, mtoto ana homa, bei ya unga imepanda. Mkuu wa shule hakunifukuza. Alinipa kazi ya kusahihisha madaftari, na nikaifanya vizuri, maana kosa la hesabu halihitaji masikio.

Miaka ikapita hivyo. Nilikuwa na dada mkubwa, ambaye kwetu huitwa yaya, aliyekuwa muuguzi Ubelgiji. Katika hospitali aliyofanyia kazi waliwapasua viziwi nyuma ya sikio na kuwaingizia waya mwembamba ndani kabisa, pale mshipa wa kusikia unapoanzia. Yaya alihangaika kwa niaba yangu mpaka wakakubali kunipokea. Sitasimulia safari yote. Nitasema tu kwamba kidonda kilipopona walinifunga kisanduku kiunoni. Kutoka kwenye kisanduku ulipanda waya mpaka sikioni, na kidude cha mviringo kikanata kichwani kwa sumaku. Kisha bibi mmoja aliyekuwa na kazi ya kuwafundisha watu kusikia akakiwasha.

Yaya alikuwa amekaa mbele yangu. Alifungua kinywa, na kilichotoka kilikuwa mlio wa vijiko vikimwagwa ndani ya sufuria.

"Amesema nini?" nilimuuliza yule bibi kwa Kifaransa. Alichekelea. Vijiko vingine vikamwagika.

Wiki baada ya wiki vijiko vikawa maneno. Kwanza nilisikia kwamba mtu ameanza kusema na amemaliza. Baadaye nikatenganisha neno na neno. Sauti ya mwanamume na ya mwanamke zilikuwa moja, na zote zilikuwa za bata, lakini bata waliosema mambo ya maana. Nilikuwa mwanafunzi mzuri. Kila jioni yaya alinisomea gazeti akiwa amefunika mdomo wake, nami nilirudia.

Nilipoona naweza, niliomba muziki. Yaya alikuwa na kaseti ya kwaya yetu, iliyorekodiwa hapa hapa kanisani, mimi mwenyewe nikiwa ndani. Aliiweka na kuketi. Nilisikia nyuki ndani ya debe. Debe lilitikiswa, likawekwa chini, likatikiswa tena. Nilijua ni muziki kwa sababu yaya alikuwa analia.

Kesho yake nilimwambia yule bibi. Hakunidanganya, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Mashine hii ilitengenezwa kwa ajili ya maneno," alisema. "Mapigo inakupa vizuri. Sauti kupanda na kushuka, inakupa kidogo sana. Sikio la kuzaliwa ni kama mtu anayepiga kinanda kwa vidole vyote. Hili ni kama anayekipiga kwa ngumi. Usianze na kwaya. Anza na kitu kidogo, unachokijua kabisa, na uwe na subira."

"Kitarudi?"

"Kitu kitakuja. Sijui kama kitakuwa kile cha zamani."

Nilirudi nyumbani baada ya utawala wa zamani kuanguka, watu walipodhani vita vimekwisha. Mume wangu alikuja kunipokea Lubumbashi, tukapanda treni. Alikuwa na haya ya kusema nami, kama kijana anayechumbia, maana kwa miaka mingi tulikuwa tumezungumza kwa chaki. Tulipokuwa tunaikaribia Luena, nikaanza kucheka.

"Unacheka nini?" aliuliza.

"Reli. Sikiliza reli."

Magurudumu yalikuwa yanapita kwenye viungo vya reli: mawili ya haraka, kituo kidogo, mawili ya haraka. Kila pigo lilikuwa safi, na hakuna bata wala nyuki aliyeliharibu. Treni ilipopunguza mwendo pigo lilipungua, na miguu yangu ikalifuata yenyewe. Mume wangu, mtu wa reli tangu ujana, alisikiliza kwa makini kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza.

Kwaya walinipokea kwa shangwe. Walinisimamisha mahali pangu karibu na dirisha na kuimba wimbo wa kunikaribisha, sauti zote nne, kwa nguvu zote. Nyuki walijaa kanisa. Nilijaribu kuingia na alto yangu. Mwenzangu wa kulia akanitazama, kisha akatazama chini haraka. Nilifunga kinywa. Baada ya ibada nilimwambia mwalimu wa kwaya, "Nimefurahi kuwaona. Kuimba, bado." Sikulia. Nilikuwa nimeambiwa mapema jinsi itakavyokuwa, na mtu aliyeambiwa mapema hashtuki sana.

Kisha vita vikarudi. Waasi waliteka miji ya kaskazini, na Kamina ikajaa askari. Treni zilibeba askari, si bidhaa. Kisanduku changu kilikula mapile, betri zile ndogo za redio, na sokoni mapile yakawa adimu kama chumvi. Nikalazimika kuchagua saa za kusikia. Asubuhi niliwasha kwa ajili ya darasa, kwa kuwa mkuu wa shule alikuwa amenirudishia wanafunzi wangu. Mchana nilizima. Wengine walinihurumia, lakini mimi niliona nimepata ambacho wao hawana: nikichoka na kelele za redio na habari za kutisha za majirani, nilibonyeza kitufe, na dunia ikanyamaza.

Katika miezi hiyo mama yangu alifika. Alikuwa anaishi kijijini upande wa Mulongo, mkulima wa mihogo, Mkatoliki wa tangu zamani, mjane. Mapigano yalipokaribia, alivushwa mto kwa mtumbwi, akatembea, na mwisho akaletwa nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa samaki. Nilimkuta uani kwetu, miguu imevimba, rozari shingoni. Mara ya mwisho kuonana nilikuwa kiziwi kabisa, na alikuwa amesikia kwamba Ulaya walinipa sikio. Alinikumbatia na kusema nami kwa Kiluba.

Nilisikia sauti. Neno sikulipata hata moja.

"Mama, sema polepole," nilimwambia kwa Kiswahili.

Akasema tena. Sauti ilitoka, ndefu, imelala kama kamba. Mume wangu alilazimika kunieleza: alikuwa ananiuliza kama watoto wamekula.

Sikuwa nimelitazamia jambo hilo. Shuleni na nyumbani tulisema Kiswahili na Kifaransa, na lugha hizo zilinijia vizuri. Kiswahili chetu hakijali sana sauti ipande au ishuke. Kiluba kinajali. Neno moja likipandishwa lina maana hii, likishushwa lina maana nyingine, na kupanda na kushuka ndiko hasa mashine yangu ilikoninyima. Tena mama alikuwa amepoteza meno ya mbele, midomo yake haikusomeka. Nilikamata vipande viwili vitatu, vingine vikapotea.

Mama hakuyaelewa hayo. Aliona tu kwamba muuza mkaa akisema, namjibu. Mtoto wa jirani akisema, namjibu. Yeye akisema, namwangalia. Siku moja alimgeukia mume wangu, akazungumza kwa muda mrefu akinionyesha kwa kidevu.

"Anasema nini?" niliuliza.

Mume wangu alikohoa. "Anasema, 'Minyi njo nilimuzala. Bantu yote anabasikia, minyi hapana. Kule Bulaya banamufundisha kunizarau?'"

"Mwambie si hivyo."

"Nimemwambia. Anasema mashine gani hii inayochagua mtu."

Tuliishi hivyo majuma kadhaa, mama akiwa na hasira ya kimya, nikimpikia sombe, majani ya mihogo, alivyopenda na yeye akila bila kunitazama. Kisha ikaja siku ya bariera.

Tulikuwa tunatoka shambani, mama na mimi, na mihogo kichwani. Askari walikuwa wamefunga barabara kwa mti. Mmoja, kijana, aliona waya ukishuka kutoka sikioni mwangu.

"Mama, simama! Iko nini ku matwi?"

"Iko mashine ya kusikilia," nilijibu. "Minyi niko kiziwi."

Wenzake wakacheka. "Kiziwi namna gani, na unanijibu?"

Aliuvuta waya kidogo na kuufuata mpaka kiunoni. Nilifungua kitenge nikamwonyesha kisanduku na taa yake ndogo nyekundu. Hapo kicheko kikaisha.

"Hii njo foni," alisema. "Uko naita barebele."

Foni ilikuwa redio ya kuitana, barebele ni waasi, na siku zile mtu aliyekutwa nayo bila ruhusa hakurudi nyumbani. Mama alitua mihogo yake chini na kuanza kupiga kelele kwa Kiluba. Askari hakutoka upande wetu, hakuelewa.

"Anasema nini, huyu mama yako?"

"Sijui," nilisema. Ilikuwa kweli.

"Mama yako wa kuzaa, na hujui anasema nini?"

Nikaona jinsi jibu langu lilivyosikika vibaya, na nikaona pia kwamba maneno hayatatutoa pale. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye ndevu chache, alikuwa amesogea. Nilimgeukia yeye.

"Komanda, tujaribu," nilimwambia. "Nitazimisha mashine. Nitakupa, ushike weye mwenyewe. Nitageuka. Semeni kila kitu munataka nyuma yangu, fanyeni kila kitu. Mutaona kama nasikia."

Alifikiri, akanyoosha mkono. Nilikizima kisanduku, nikachomoa kidude kichwani, nikampa vyote. Kisha nikageuka na kuwapa mgongo. Mbele yangu kulikuwa na kichuguu kikubwa chenye nyasi juu. Nilikitazama. Nilifikiria kama mihogo ile itakauka kabla ya mvua. Sikuwa na woga; nilikuwa nimeshafanya la kufanya, na lililobaki halikuwa mikononi mwangu.

Mkono ulinigusa begani. Komanda alikuwa ananirudishia kisanduku changu kwa mikono miwili. Nilipokiwasha, neno la kwanza lilikuwa lake: "Mama, utusamehe. Muende." Yule kijana alikuwa anatazama viatu vyake. Mama alikuwa amekaa chini katikati ya barabara.

Tulipokuwa tunainua mihogo, komanda aliniuliza, kwa sauti niliyoona ni ya mtu anayetaka kujua kweli, "Na muziki? Unasikia muziki?"

"Ngoma nasikia," nilimjibu. "Wimbo, bado."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeambiwa safari imebaki kiasi gani.

Kilichotokea nyuma yangu nilikijua nyumbani, mama akimsimulia mume wangu na mume wangu akinisimulia mimi. Kwanza walipiga miluzi. Kisha wakanitukana. Kisha yule kijana alisogea karibu kabisa na kisogo changu, akakoki bunduki. Mama alipiga ukelele ambao ulisikika mpaka mashambani. Mimi nilikuwa natazama kichuguu.

Alipomaliza kusimulia, mama alikuja kwangu akaushika uso wangu kwa mikono yake yote miwili. Aliyatazama masikio yangu, moja, kisha lingine. Alikuwa ameamini.

Asubuhi iliyofuata, siku isiyo ya shule, alikitoa kinu uani, akamwaga mihogo mikavu, akanitafutia mchi wa pili. Alijigonga kiunoni kwa mkono: washa. Nikasita kwa ajili ya mapile. Akagonga tena.

Tulitwanga kwa kupokezana, yeye anapopandisha mimi nashusha. Mapigo yalikuwa safi kama yale ya reli. Baada ya muda mama alianza kuingiza pigo dogo, akigusa ukingo wa kinu kwa ubavu wa mchi kabla ya kuushusha ndani. Mawili ndani, moja ukingoni. Mawili ndani, mawili ukingoni. Kinywa chake kilikuwa kinacheza, maana yake anaimba, nami nilisikia mkwaruzo mrefu usio na juu wala chini.

Lakini ule ukingo niliujua. Kila wimbo wa kutwanga kijijini kwetu una namna yake ya kugusa ukingo, na huu ulikuwa wimbo wa kumcheka mkwe anayekuja kula kila siku na hajawahi kuleta hata kuni. Nilikuwa nimeutwangia tangu nikiwa mfupi kuliko mchi. Nilipoujua, maneno yalianza kutoka ndani ya ule mkwaruzo, moja baada ya jingine, kila moja likishuka pale pale nilipolingojea: mkwe, sahani, kuni, aibu. Kiluba. Mama yangu alikuwa anaimba Kiluba, na nilikuwa nakisikia. Na nyuma ya maneno, sijui kama ni sikio au ni kumbukumbu, sauti ilianza kupanda na kushuka kidogo, kama njia inayoonekana chini ya maji.

Niliimba. Mama akacheka mpaka akasimamisha mchi, kwa sababu nilikuwa nimeanza mbali na alipo yeye. Akainua kidevu: panda. Nikapanda. Akainua tena. Nikapanda. Akashusha mchi kwa nguvu: hapo hapo! Tukaendelea.

Tangu siku ile mapile yangu yaligawanywa upya. Shule ilipata sehemu yake, kinu kikapata yake. Mama aligundua pia kwamba akitaka kuniambia jambo kwa Kiluba, akiligonga kwanza, ukingoni kwa silabi ya juu na ubavuni kwa silabi ya chini, kama ngoma za zamani zilivyopeleka habari, nililikamata mapema zaidi. Si kila mara. Kuna siku alinigongea habari ndefu, nikamletea maji, kumbe alitaka kisu. Tulicheka sana mwaka ule, wakati watu wengi hawakuwa na la kuchekea.

Wimbo mmoja ulizaa mwingine. Zile nilizozijua zamani zilirudi kwanza, na zenye mapigo yanayofanana zinanichanganya mpaka leo. Wimbo mpya kabisa ulikuwa kazi ngumu: ilibidi nifundishwe maneno, kisha mapigo, kisha nionyeshwe kwa mkono unakopanda. Niliwaambia wanafunzi wangu kwamba najifunza muziki kama wao wanavyojifunza Kifaransa, na wakanihurumia kwa dhati.

Nilirudi kwa mwalimu wa kwaya.

"Sitasimama na alto," nilimwambia. "Nitasimama na ngoma. Na ubeti wa kwanza aimbe mtu mmoja peke yake, nipate kushika. Kisha ingieni wote."

Alifikiri kwamba nimekata tamaa. "Mama, alto ni mahali pako. Tutakungojea."

"Musiningojee. Nimepachagua mahali pengine."

Alikubali, kwa majaribio. Jumapili ya kwanza nilipiga ngoma na kuimba nikitazama kiganja chake. Sauti nne zilipoingia, nyuki walirudi, lakini sasa walikuwa wanaruka kwa mpangilio, na chini yao ngoma ilikuwa yangu mwenyewe. Nilijua tuko wapi kwenye wimbo. Nilijua ubeti unaisha lini. Mwenzangu wa alto alinitazama, na safari hii hakutazama chini. Baadaye kwaya nzima ikazoea kuanza na mtu mmoja, na wageni waliotutembelea walidhani ni ustadi wa mwalimu wa kwaya. Yeye hakuwasahihisha, na mimi pia sikuwasahihisha.

Upande wa Mulongo ulipotulia, mama alitaka kurudi kwenye mashamba yake. Tulimwomba abaki. Akasema mihogo ya Kamina ni ya mjini, haina ladha. Mume wangu alimtafutia nafasi kwenye baiskeli ya mchuuzi mwaminifu, tukamfungia nguo na chumvi na sabuni. Nilimsindikiza mpaka nyumba za mwisho.

Baiskeli ilipokuwa imekwenda mbali, yeye akiwa amenipa mgongo, bila kinu na bila mdomo wa kusoma, alipaza sauti kwa Kiluba. Lilikuwa jambo la kawaida kabisa: kwamba mtoto wangu mdogo anakohoa tena, nisimwache anywe maji ya baridi.

"Nimesikia!" nilimjibu kwa Kiluba, kwa nguvu, na kwa sauti ambayo sijui ilikuwa ya juu au ya chini.

Mchuuzi aligeuka kutazama ni nani anayepiga kelele. Mama hakugeuka. Aliinua mkono mmoja, akaushusha, akashika tena mzigo wake.